Mkia Uliokatwa

King'ora cha kimbunga kilimkuta Corliss Hargett ameduwaa mbele ya kompyuta, kiganja mdomoni. Mjini Huntsville king'ora hakimshtui mtu. Kila majira ya kuchipua kinalia, na watu wanateremka chini ya jengo na vikombe vyao vya chai ya barafu, wakilalamika kuwa kazi zimekatizwa. Siku hiyo Corliss alishuka mikono mitupu, kwa sababu dakika hiyohiyo alikuwa amegundua kosa lake.

Siku mbili nyuma setilaiti ilinasa mlipuko wa miale ya gama kutoka mbali huko angani, na zamu ya kuupima ilikuwa yake. Kazi si ngumu, ila ina mitego. Kwenye mchoro unachagua kipande cha utulivu kabla ya mlipuko na kingine baada yake, unapitisha mstari, na kinachobaki juu ya mstari ndicho mlipuko. Ukiisha kabla ya sekunde mbili, unaitwa mfupi: nyota mbili mfu zimegongana. Ukizidi hapo, ni mrefu: nyota moja kubwa imekata roho. Wake ulitoka mfupi, tena kwa sehemu chache tu za sekunde, na mifupi ni adimu. Habari zikaenea. Jioni hiyo darubini kubwa kule Chile ingegeuzwa kuutazama, na watu wengine walikuwa wamenyang'anywa usiku wao wa kuitumia kwa ajili hiyo. Sura ya mwisho ya tasnifu yake ilingoja picha hizo.

Kumbe kile kipande cha baada hakikuwa utulivu. Kilikuwa mkia wa mlipuko wenyewe, dhaifu, ukijikokota karibu dakika nzima. Yeye alipitisha mstari juu yake, akaukata.

Huko chini ni ujia mmoja usio na dirisha. Mlinzi, mzee Odell, alifunga mlango wa chuma akasimama mbele yake. Corliss alijikuta sakafuni, ubavuni mwa Daktari Lamar Tidmore, msimamizi wake, aliyekuwa akimenya karanga za kuchemsha.

"Lamar, huo mlipuko wako mfupi vipi?" mama mmoja wa idara ya hesabu aliuliza.

"Si wangu, ni wa huyu. Mimi nimeota mvi nikiusubiri, yeye kaingia zamu tu, kauokota."

Watu wakacheka. Corliss akanong'ona, "Daktari, nina neno. Ila si hapa."

"Unataka twende wapi, mwanangu? Huko nje kwenye kimbunga?"

"Mlipuko una mkia," Corliss alisema.

Tidmore akaacha kumenya. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana, nilipoona mchoro wako."

"Na ukanyamaza."

"Kwa ajili yako." Sauti yake ilikuwa ya upole mno. "Mkataba wako unaisha mwezi wa nane, na fedha za kukubakiza sina. Acha wapige picha. Tutasema picha ndizo zilizotufundisha kuwa ni mrefu. Kipande cha utulivu kila mtu hukikosea. Wewe unahitimu, unakwenda zako."

"Na wenye usiku wao?"

"Watapewa mwingine."

Corliss alitaka kumchukia akashindwa, na hilo ndilo lililombana kuliko kuta zile. Mzee alikuwa anampenda kwelikweli, na kwa pendo hilo alikuwa amemfungia njia zote. Redio ya mlinzi ikatangaza kuwa muda wa tahadhari umeongezwa. Kule Chile jua lilikuwa linazama.

Akainuka, akamwendea Odell. "Nifungulie, tafadhali. Nina simu ya haraka."

"Bi Corliss, hata mama yangu mzazi simfungulii. Simu si ile ukutani?"

Simu ilikuwa pale kweli, katikati ya watu wote. Tidmore alimtazama, akatikisa kichwa taratibu. Corliss akabonyeza namba ya wale wa Chile.

"Msiigeuze darubini," alisema. "Mlipuko ni mrefu. Una mkia, niliukata mimi."

 Sauti ya upande wa pili ikauliza kama kuna mtu mwingine aliyekihakiki kile kipimo.

Alimwangalia Tidmore. Mzee alikuwa ameinamia karanga zake.

"Hakuna," Corliss akajibu. "Ni mimi peke yangu."

Akakata simu. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na nafasi ya kukaa ilikuwa ileile moja. Tidmore akavuta miguu kumpisha. Corliss akaketi, mabega yao yakagusana.

"Mwezi wa nane nitakuwa wapi, Daktari?"

"Sijui, mwanangu," alisema.

Mama wa idara ya hesabu akageuza uso, akajifanya anasikiliza redio.