Mshipa wa Einstein

Pale sokoni Suneka hakuna aliyemshinda Abner kwa kutengeneza baiskeli. Kibandani mwake alibandika picha ya mzee wa nywele timutimu, yuko juu ya baiskeli anacheka.

"Huyu ni Einstein," aliwaambia wateja. "Aliwaza mambo ya nyota, na baiskeli hakuiacha."

Mjukuu wake Gesare, aliyeachia shule darasa la tano, alimshikia spana na kusikiliza. Hata salamu aliitikia kwa haya. Lakini moyoni aliamini dunia nzima haina fundi kama babu yake, aliyemwita Sokoro kwa Kigusii.

Mgongo ulipoanza kumuuma, Abner alijifunga kiuno kwa utepe wa tyubu, kama anavyofunga tairi lililotoka kinundu ili lifike nyumbani. Asubuhi moja alimwomba Gesare akaze. Mkono wa msichana ukagusa tumbo. Kitu kilidunda humo ndani, du, du, kama moyo wa pili.

Hospitalini Kisii, Abner alimweleza daktari Dahabo habari za mgongo tu. Gesare akainamisha uso.

"Tumbo linadunda," akasema.

Daktari akaamuru picha ipigwe mara moja. Mshipa mkuu wa damu ulikuwa umevimba. Ungeweza kupasuka wakati wowote.

"Mzee, upasuliwe wiki hii."

"Sipasuliwi. Nimeshaufunga."

Daktari alitabasamu. "Hata mshipa wa Einstein ulifungwa."

"Einstein yupi? Wa baiskeli?"

"Huyo huyo. Ugonjwa wake ndio huu. Daktari wake aliuzungushia mshipa plastiki laini, akaishi miaka sita na zaidi. Ulipopasuka, alikataa upasuaji, akafa. Siku hizi tunaweka mshipa mwingine wa kitambaa."

"Basi! Kama Einstein alikataa, Abner ni nani?"

Gesare akainua uso.

"Sokoro, tairi la kinundu unalifunga lifike wapi?"

"Nyumbani."

"Halafu?"

Mzee akaushika utepe kiunoni.

"Unalitoa, unatia jipya. Hujawahi kumrudisha mtu barabarani na utepe. Einstein alijua nyota, Sokoro. Fundi ni wewe."

Abner alimkazia macho, kama mtu aliyesikia redio iliyokufa ikiimba.

"Daktari, umemsikia huyu? Miaka yote hii alikuwa ananyamaza tu!"

Akapandisha shati, akaufungua ule utepe mwenyewe, akamkabidhi Gesare.

"Shika. Mpaka nirudi, kibanda ni chako. Na picha usiitoe."