Vumbi kwenye Mpini

Vumbi lilikuwa limetanda juu ya mpini wa mlango, laini kama unga uliochekechwa, halina hata alama ya kidole. Mkaguzi aliinama akalitazama kwa upande, kisha akafungua tena jalada alilokuwa amelibana kwapani. Humo ilikuwa imeandikwa kwamba wahudumu thelathini na mmoja wa shirika lile la ndege walikuwa wameufungua mlango huo kwa mikono yao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, katika mwaka uliopita. Wa mwisho aliufungua siku tisa tu zilizopita. Chini ya kila jina palikuwa na sahihi ileile, yenye mkia mrefu kama wa kishada, na sahihi hiyo mkaguzi aliijua kuliko alivyoijua ya baba yake mzazi.

Haukuwa mlango wa ndege inayoruka. Ulikuwa mlango wa mazoezi, uliofungwa kwenye kipande cha ndege kilichowekwa ghalani nyuma ya ofisi za shirika: safu sita za viti, madirisha yasiyoona mawingu, na godoro nene upande wa nje kwa ajili ya wanaoruka. Hapo ndipo kila mhudumu alipotakiwa kurudi kila baada ya miaka miwili kuthibitisha kwamba siku ndege itakapotua kwa balaa, na moshi ukaanza kutambaa darini, atajua kuwatoa watu. Kumimina chai kila mtu anaweza. Mamlaka ya anga humwajiri mkaguzi kwa sababu ya mlango.

Asubuhi kazi ilikuwa imemnyookea. Alikuwa ameingia kwenye ndege mbili zilizosimama uwanjani, akavuta mikanda, akapapasa chini ya viti kuhakikisha majaketi ya kujiokolea yapo, akawasha tochi, akasoma tarehe za mitungi ya kuzimia moto. Hakukosa cha kusifu. Wahudumu walimwita Bi Nionyeshe, maana ukianza kumweleza jambo hukukatiza kwa upole: usiniambie, nionyeshe. Jina lilimpendeza, ingawa alijifanya halijui.

Neno hilo hakulibuni yeye. Alilirithi kwa mwenye ile sahihi, mkuu wa mafunzo wa shirika, ambaye kila aliyewahi kuvaa sare pale alimwita Mwalimu, basi. Miaka ishirini iliyopita, baba yake mkaguzi alipoapa kwamba binti yake hatafanya kazi ya kulala miji ya watu, Mwalimu ndiye aliyekuja nyumbani, akaketi kwenye ukingo wa kochi kama mposaji, akamwambia mzee kwamba anayemtaka si msichana wa kubeba sinia bali mtu wa kubeba roho za watu. Baba alilainika. Hadi leo mama yake hajapata kumsikia akienda upande ule bila kumwagiza salamu. Hata asubuhi hiyo, akiwa anafunga viatu, mama alimwambia kutoka jikoni: "Mwambie Mwalimu sisi tungali tunamwombea."

Salamu alikuwa amezifikisha. Sasa alisimama mbele ya vumbi.

Aliteua jina moja orodhani kwa ncha ya kalamu. Akaletwa mhudumu kijana aliyetua muda si mrefu, nywele zimebanwa vizuri, macho mekundu kidogo kwa usingizi. Mwalimu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, na mkaguzi akamwomba binti amwonyeshe jinsi ya kuufungua mlango wakati wa dharura, mtambo wa kuusukuma ukiwa umekataa kufanya kazi.

Binti alianza vizuri ajabu. Sauti ilitoka tumboni, ya kumwamsha aliyezirai. Alichungulia dirishani kutafuta moto, akataja kila hatua kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja. Kisha akashika mpini, na hapo elimu ikamwishia. Aliuvuta kama mtu anayefungua kabati. Aliposukuma, alisukuma kwa viganja, si kwa mwili. Mlango ulitoka kiasi cha shubiri, ukarudi mahali pake kwa kishindo.

"Mara ya mwisho uliufungua lini?" mkaguzi aliuliza.

Binti alimtazama Mwalimu. Kisha akaitazama mikono yake iliyochafuka vumbi.

"Sijawahi, mama. Tuliambiwa ni mbovu."

Mkaguzi alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akapanua miguu, akanyanyua mpini hadi juu na kuegemeza bega na uzito wake wote. Mlango uliguna, ukajitikisa, ukafunguka wazi. Mwanga wa mchana ukaingia hadi safu ya sita. Mlango ulikuwa mzima kabisa. Mwalimu alikuwa ameyageuza macho kwenye dirisha lisiloona kitu.

Habari haikukawia kumfikia meneja wa safari. Alimkaribisha mkaguzi ofisini, akamvutia kiti yeye mwenyewe, na kwa lugha ya asali akamweleza kwamba watu thelathini na mmoja ni nusu ya wahudumu wote. Wakisimamishwa leo, kesho kuna abiria watakaolala viwanjani. Alipendekeza jambo hilo liandikwe kama ushauri, shirika lipewe miezi mitatu. Mwishowe akagusa alipojua panauma: Mwalimu amebakiza mwaka mmoja astaafu, na yeye mkaguzi si mgeni wa fadhila zake.

Fadhila ya punda ni mateke. Hivyo ndivyo watakavyosema, mkaguzi aliwaza, na labda hata mama atasema. Lakini alipoyageuza maneno hayo alikuta kitu kingine chini yake. Kama angekuwa mwanafunzi mbaya wa Mwalimu, angeweza kukubali sasa hivi, akanywa chai, akaondoka. Ni kwa kuwa alifundishwa vizuri ndiyo maana hawezi. Alimjibu meneja kwamba abiria anayelala kiwanjani huamka. Kisha akaaga.

Alimkuta Mwalimu ameketi peke yake ndani ya kipande kile cha ndege, kwenye kiti cha mhudumu, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha kuazima.

"Ni bega," Mwalimu alisema kabla hajaulizwa. "Linaniuma mwaka wa pili sasa. Siku moja nilibaki hapa baada ya watu kuondoka, nikaujaribu mlango mara nne. Ulinikatalia. Kesho yake darasa lilikuwa linanisubiri niwaonyeshe."

"Ungemwita mtu mwingine awaonyeshe."

"Ningemwita." Alitikisa kichwa taratibu. "Binti yangu, miaka thelathini nimewaambia watu kwamba mlango huu hautaki nguvu, unataka akili. Nitawaambiaje kwamba akili ninayo na haufunguki? Nikasema ni mbovu. Nikawachorea ubaoni. Nikadhani wakishika maneno, mikono itafuata."

Mkaguzi aliketi safu ya kwanza, wakatazamana. Aliona jinsi Mwalimu alivyozeeka kuanzia shingoni, na jinsi tai yake ilivyofungwa kwa mkono mmoja, fundo limelala upande. Alitamani kuinyoosha.

"Utaandika nini?"

"Nilichokiona, Mwalimu."

"Na jina langu?"

"Sahihi yako imo humo tayari. Mimi sikuiweka, wala sina uwezo wa kuifuta."

Kwa ile sauti yake ya zamani ya darasani, mzee akamwambia asisahau kuandika kwamba binti yule alichungulia nje kwanza, maana wengi husahau.

Ripoti aliiandika jioni hiyo bila kukata neno. Wahudumu wote thelathini na mmoja wasipande ndege kikazi hadi kila mmoja aufungue mlango mbele ya mkufunzi mwenye kibali. Suala la sahihi lingekwenda kwa wakubwa wake, na huko yeye hakuwa na la kusema. Safari tano zilifutwa. Simu zililia, na meneja hakumpa tena mkono. Alilala usingizi mzito, jambo lililomshangaza.

Kesho yake mkufunzi wa kuazimwa alifika asubuhi, na foleni ya sare ikaanza mlangoni mwa ghala. Saa nne, Mwalimu akaingia. Kibali chake kilikuwa kimesimamishwa, hakuna aliyemtarajia. Alikuwa amevaa shati bila tai, na alisimama kando kama mtu aliyefika msibani kwa jirani asiyemjua. Mkufunzi mgeni hakujua amweke wapi. Mkaguzi alikuwa na saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Alitazama viti vitupu, akamwambia kwamba zoezi linahitaji abiria.

Mwalimu alikwenda safu ya tatu, akaketi, akafunga mkanda kwa mkono wa kushoto. Wengine wakajaza viti vilivyobaki, wakicheka chini chini.

Zamu ilikuwa ya binti wa jana. Taa zilizimwa, moshi wa mazoezi ukapulizwa, na sauti yake ikapasua giza: "Inameni! Kaeni mmeinama!"

Baadhi ya waliokuwa wakicheka waliinua vichwa wapate kuona. Mwalimu hakuinua. Aliinama hadi paji la uso likagusa magoti, mkono wa kushoto juu ya kisogo, akakaa hivyo, akisubiri kuambiwa. Mbele, binti alichungulia dirishani, akanyanyua mpini, akaegemeza bega. Mlango ukaguna.

"Fungueni mikanda! Acheni mizigo! Njooni huku!"

Mwanga ulipoingia, Mwalimu aliinuka pamoja na wenzake, mikono mitupu, akaingia kwenye foleni. Alipofika mlangoni binti alisita nukta moja, kisha akampigia kelele aruke, kama alivyowapigia wote. Mzee akaruka.

Mkaguzi alibonyeza saa. Hakuitazama papo hapo; alikuwa bado anautazama mlango.