Seli za Redio

Kazi yake ilikuwa kuyavutisha mapafu sigara. Usicheke. Watu wazima na akili zao timamu walimlipa mshahara aje asubuhi, awashe sigara, aichomeke kwenye mashine, na mashine iivute taratibu na kuupuliza moshi ndani ya kasha la kioo. Ndani ya kasha kulikuwa na visahani vya plastiki, na ndani ya visahani kulikuwa na seli za mapafu ya watu, zimeoteshwa zikatanda kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Mwenyewe hajawahi kutia sigara mdomoni tangu azaliwe, lakini nguo zake zilinuka moshi kiasi kwamba watu walimhama kwenye foleni ya benki. Pale maabara walimwita Mama Visahani.

Walichotaka kujua ni jinsi seli zinavyojikinga. Maana mapafu hayafi kikondoo, jamani. Seli zikiguswa na moshi zinaamka. Nyingine zinatoa ute wa kunasa uchafu, nyingine zina vinywele vidogo vya kuusukuma ute ule juu mpaka mtu akohoe. Halafu ndani ya seli yenyewe kuna kazi isiyoonekana: inatengeneza vitu vyake vya kuzima sumu, inaunga kilichokatika, na kilichoharibika kabisa inakimeng'enya na kukitumia upya. Shida ni moja tu, ulinzi wote huo hauko tayari saa zote. Unahitaji muda wa kuamka.

Ndiyo maana Profesa, mama mmoja mkali mwenye sauti ndogo, aliweka utaratibu ambao hakuna aliyethubutu kuuchezea. Siku ya kwanza seli zinapewa moshi kidogo sana. Wenyewe waliuita moshi wa kubisha hodi. Kesho yake ndipo unakuja moshi mzito. Seli zilizobishiwa hodi nyingi zinauhimili moshi ule, na zisizobishiwa zinakufa.

"Na asitoke mtu hapa akaenda kutangaza kwamba sigara moja ni kinga," Profesa aliwafokea kila alipopata nafasi. "Hata hizi zinazopona zinapona na makovu. Ukizirudia kila siku zinachoka, na zikichoka ndiyo basi."

Sasa huyu Mama Visahani alikuwa na mdogo wake, kitindamimba wa kwao, fundi wa kupaka magari rangi. Jina lake la utani ni Redio, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kuzimwa. Angeongea na wewe, angeongea na gari, ukimwacha peke yake angeongea na kopo la rangi. Na sigara haikumtoka mdomoni toka siku alipoota ndevu za kwanza. Basi ikafika siku madaktari wakamkuta na saratani, wakamkata kipande cha pafu. Kabla hajapasuliwa aliulizwa kama watafiti wapewe kipande hicho, akasaini haraka haraka.

"Wachukue tu, dada," alisema. "Mimi nitakifanyia nini, nikikaange?"

Vipande vinavyoletwa maabara havina jina, vina namba. Lakini siku ile kililetwa kimoja tu, na dada mtu si mjinga. Sheria ilisema ukimjua mwenye kipande useme, apewe mtu mwingine. Akanyamaza. Akakipokea, akakitenganisha, akaziotesha seli zake kwa mkono wake mwenyewe, na wala hakumwambia Profesa. Alikosea, na mimi simtetei. Lakini nenda kamlee mtoto wa mama yako tangu anatambaa, kisha uletewe nyama yake kwenye kichupa, halafu uje hapa uniambie ungempa nani.

Redio alikuwa amehamia kwake, analala kwenye kochi la sebuleni karibu na dirisha. Kila jioni dada akirudi, kabla hata hajavua viatu, swali ni lile lile.

"Wanangu wameshindaje?"

"Hawajambo."

"Wamekula?"

"Nimewabadilishia maji yao. Wamenenepa kukushinda wewe."

"Wamechukua kwa baba yao, hao. Wape moshi uone. Hao watapigana, dada, damu yangu hiyo. Wakishinda wao, na mimi nimeshinda."

"Seli za kwenye kisahani ni za kwenye kisahani, Redio. Usichanganye mambo."

Alisema hivyo kwa mdomo. Moyoni alikuwa amechanganya kuliko yeye. Daktari alishamwita pembeni akamwambia ugonjwa umesambaa na cha kufanya hakipo. Kwa hiyo hamu yake ilibaki moja tu duniani: amrudishie mdogo wake jioni moja habari njema, kwamba seli zako zimepigana na zimesimama. Basi. Hakuomba kingine.

Asubuhi ya kubisha hodi ikafika. Na asubuhi hiyo hiyo Redio alikohoa damu kwenye beseni, nyingi, midomo ikamgeuka rangi, na alipojaribu kutania sauti haikutoka. Dada akamfuta, akamlaza, akamwita jirani akae naye, akaenda kazini roho mkononi.

Akawasha sigara. Akaviingiza visahani kwenye kasha kimoja kimoja, akafika kwenye kile cha Redio. Mkono ukagoma. Alikuwa ametoka kumwona mwenye mapafu yale akitafuta hewa kama samaki nchi kavu, sasa yeye ndiye ampulizie moshi? Hapana. Akakirudisha kisahani kwenye kabati la joto, seli zinamokulia.

"Nyie leo pumzikeni," alikinong'oneza, na wengine wote wakapata moshi wao.

Nia yake ilikuwa kukitoa pia kwenye moshi mzito wa kesho, aseme kimeingia ukungu. Uongo mdogo, wa kawaida pale maabara. Lakini kesho yake alfajiri Redio alizidiwa, ikabidi akimbizwe hospitali, na mambo ya visahani yakamtoka kichwani kabisa. Alipokuja kuyakumbuka alikuwa kwenye benchi la korido, ameshika viatu vya mdogo wake. Akapiga simu maabara.

"Wala usijali," alisema mwenzake wa meza ya pili, binti mchapakazi asiyependa kumsumbua mtu. "Nimekufanyia yote. Moshi mzito tayari, vyote, sijaacha hata kimoja."

Alipofika maabara alikwenda moja kwa moja kwenye hadubini, hata koti hakuvaa. Seli za watu wengine zilikuwa zimeshikamana, zimechoka lakini zimeshikamana. Za Redio zilikuwa zimebanduka, zimejikunja, zinaelea kwenye maji. Zote. Na nyingine hazikuwepo, kwani kile kipande kilikuwa kidogo na alikuwa amekimaliza.

Alimfuata Profesa akamwambia kila kitu, kuanzia namba hadi kabati la joto. Alitegemea kufukuzwa. Profesa alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Ungeniambia tu, mama," alisema. "Ningekuelewa."

"Nilitaka niwe nazo mimi."

"Najua. Nenda kwa mdogo wako."

Redio alikuwa na mipira ya hewa puani, mto umemmeza. Aliposikia hatua za dada yake alifungua jicho moja.

"Wanangu?"

Angeweza kumdanganya. Njia nzima alikuwa amejiandaa kumdanganya, na maneno matamu ameshayapanga. Lakini huyu alimjua toka utotoni, angeuona uongo kabla haujatoka.

"Wamekufa," alisema. "Nimewaua mimi. Niliwaonea huruma, Redio, sikuwabishia hodi. Moshi ukawakuta wamelala."

Redio alifumba macho. Dada akaona amemmaliza mdogo wake kabla ya siku yake, akatamani ardhi impasukie.

"Kwa hiyo hawakupigana?"

"Hawakupata nafasi."

"Basi hawajashindwa." Akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena. Redio yule aliyekuwa haachi nafasi ya koma, sasa maneno yake yalikuja mawili mawili. "Lipo jingine, dada."

"Jingine nini?"

"Pafu. Mwite daktari. Nikishaondoka walichukue."

"Acha kusema hivyo!"

"Wewe nawe unalia nini? Si unalijua, bovu hilo. Lakini pembeni patakuwa pazima kidogo." Akamshika kidole. "Safari hii bisha hodi."

Daktari akaitwa, Redio akasaini. Alifariki siku chache baadaye, mchana kweupe, dada yake akimkata kucha. Alikuwa amemaliza mkono mmoja.

Walipoletewa kipande cha pafu lile kutoka hospitali, Mama Visahani alisimama mbele ya wote akasema, "Huyu ni mdogo wangu." Sheria ilitaka ashike mtu mwingine, na mwingine akashika: binti wa meza ya pili ndiye aliyeziotesha na kuzilisha. Mama Visahani akaomba kitu kimoja tu, na Profesa akamkubalia, mradi binti asimame pembeni akishuhudia.

Asubuhi ya kubisha hodi alitoa sigara kwenye pakiti. Maisha yake yote alikuwa akimnyang'anya mdogo wake sigara. Alizikanyaga, alizitupa chooni, moja aliichomoa mdomoni kwake mlangoni kabisa mwa hospitali mbele za watu. Hakuwahi kumwashia hata moja. Kiberiti kilimshinda mara mbili, ya tatu kikawaka. Akaiweka sigara mahali pake, akabonyeza, mashine ikavuta. Machozi yalimtiririka akayaacha yatiririke, maana mikono ilikuwa na glavu.

Kesho yake moshi mzito ulipokwisha, binti alimsogezea kiti kwenye hadubini. Akainama. Binti akashindwa kuvumilia.

"Vipi, mama?"

"Wapo," alisema. "Wameshikana. Wamepigana, mwanangu, hebu njoo uwaone walivyopigana."

Binti akainama akaangalia, akasema kweli. Alipoinua kichwa alimkuta mwenzake ameshakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, amejifunika uso kwa koti la kazi.

"Sasa nimwambie nani?" alikuwa akisema. "Nimwambie nani mimi?"