Unyevu Chini ya Klachi

Mwalimu Angwenyi aliongeza mafuta ya breki mara nne ndani ya mwezi mmoja kabla ya kukubali kwamba gari lake linavuja. Lilikuwa gari jeupe la zamani, namba KAB, alilolinunua alipokuwa bado anafundisha kule Gesima, na hakupenda kusikia likisemwa vibaya. Lakini Jumatatu hiyo taa nyekundu ya breki iliwaka tena wakielekea soko la Nyaramba, na mkewe Abigael akasema, "Ukipita kwa Nyanchera bila kusimama, mimi nashuka."

Nyanchera alikuwa na gereji ndogo nyuma ya soko. Mwalimu ndiye aliyemfundisha hesabu darasa la sita.

"Unapoliegesha haliachi doa chini, Mwalimu?"

"Hata tone. Nimetandika magazeti siku mbili. Kavu."

Nyanchera aliinua gari kwa jeki, akatoa magurudumu moja moja. Akapitisha kitambaa cheupe kwenye kila bomba la breki, kutoka nyuma hadi mbele. Kitambaa kilishika vumbi tu. Akafungua boneti, akamulika tochi nyuma ya masta silinda, ile pampu ya breki. Kukavu. Basi akasimama akiliangalia kopo la mafuta ya breki lililokaa juu yake, na hapo akaona mpira mwembamba uliotoka ubavuni mwake ukielekea upande wa klachi. Kopo lilikuwa moja, likilisha breki na klachi pia.

"Mwalimu, hebu nipishe mlangoni kidogo."

Alisukuma kitambaa chini ya kapeti, pale kisigino cha dereva kinapokaa. Kikarudi kimelowa. Mafuta yalikuwa yakichuruzika ndani kwa ndani, kutoka silinda ya klachi, yakifuata mkono wa pedali. Rangi ya pedali ilikuwa imebambuka yote.

"Nimeipata!" akasema kwa furaha. Kisha macho yake yakatua kwenye kiatu cha kushoto cha mwalimu wake. Ngozi ilikuwa imevimba, na soksi ilikuwa imelowa hadi kwenye kifundo. "Mwalimu, mguu umelowa hivi tangu lini?"

Mzee akakitazama kiatu kama cha mtu mwingine. "Umelowa?"

Abigael akasogea, akachuchumaa mbele ya mumewe. "Baba Mokua, vua."

Kati ya vidole kulikuwa na kidonda, si kikubwa, kama punje ya hindi. Abigael akabonyeza kando yake kwa kidole gumba. "Hapa panauma?"

"Wapi?" akauliza Mwalimu.

Kidole kilikuwa bado kimebonyeza.

Ndipo aliposema. Tangu Krismasi mguu ule ulikuwa ukifa ganzi, na alijua ni ule ugonjwa wake wa sukari. "Ningesema, mngeninyang'anya funguo. Na wewe ungefikaje kanisani? Tangu pikipiki ikuvunje mkono hupandi tena pikipiki wala matatu."

"Kwa hivyo umekuwa ukinibeba na mguu usiousikia."

"Naukanyaga kwa mazoea."

Hasira zilionekana shingoni mwa Abigael, lakini mikono iliendelea kuvipangusa vile vidole kwa pindo la leso, kimoja baada ya kingine. Alipofika cha mwisho alikishikilia tu. "Mimi ningetembea," akasema. "Kwa nini hukuniambia? Ningetembea."

Nyanchera aliuosha mguu kwa maji na sabuni, akaufunga kitambaa safi, akawapeleka wote hospitali kwa pikapu yake. Daktari alikisafisha kidonda. Kilikuwa hakijafika mfupani, akasema. Wiki mbili zaidi na maneno yangekuwa mengine. Mguu ukae mkavu, na mzee asiendeshe gari.

Alhamisi walirudi gereji kwa gari la jirani. Silinda mpya ya klachi ilikuwa imefika kutoka Kisii, na Nyanchera alikuwa ameshaifunga. Kilichobaki ni kutoa hewa iliyoingia kwenye bomba la klachi, kazi inayotaka watu wawili. Mwalimu alikuwa ameketi, mguu umeegemezwa juu ya kreti.

"Mama, keti hapo unisaidie kukanyaga," Nyanchera akaita kutoka chini ya gari.

"Nani? Mimi?"

Miaka ishirini na saba ya gari lile, hakuwahi kukalia kile kiti. Akakikalia, akashika usukani kwa mikono miwili ingawa hakuna aliyemwambia ashike.

"Kanyaga polepole. Shikilia. Achilia. Tena."

Mara ya kumi na kitu, pedali ikawa imara. Nyanchera akamwambia imetosha, lakini Abigael hakushuka.

"Na hii ya katikati ni ya nini?"

Mwalimu akajiinua kidogo kitini. "Hiyo ni breki, Mama Mokua. Hiyo ndiyo usiisahau."

Abigael akajiandikisha shule ya udereva mjini Kisii, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mtihani wa kwanza alianguka, gari liliporudi nyuma mlimani naye akapiga kelele badala ya kuvuta breki ya mkono. Wa pili akapita. Sabato iliyofuata aliendesha hadi kanisani polepole mno, pikipiki zimepanga foleni nyuma yake. Mwalimu alikuwa pembeni, amevaa kiatu laini, kidonda kimefunga, mdomo ameuzuia kwa shida. Walipofika kwenye mteremko wa kona akashindwa.

"Weka gia ya pili, mama."

"Nimeshaiweka," akasema Abigael, na kweli alikuwa ameshaiweka.