Watu Mia wa Meja

Mimi Emérence sijawahi kumpenda Meja, na sioni sababu ya kuanza leo. Lakini kiwanda chake cha sabuni kilitulisha, na kwa muda kilimficha mtu, kwa hiyo nitajaribu kukisema kwa haki.

Wahindi walipofukuzwa, kiwanda kile cha hapa Kampala kilifungwa mpaka panya wakakizoea. Kisha serikali ikatangaza mpango wake wa kufufua viwanda vya nchi na kuwapa watu kazi: atakayefungua kiwanda na kuajiri watu mia anasamehewa kodi, anapewa leseni ya kuagiza mafuta na magadi kutoka nje, na kila mfanyakazi mpya ananunuliwa vifaa vya kazi. Meja, aliyekichukua kiwanda, hakujua sabuni inapikwaje, ila leseni alijua inaliwaje. Nusu ya magadi iliingia kiwandani, nusu nyingine iliingia kwenye magendo. Watu mia ndio hakuweza kuwakwepa, maana wizara ilikuwa na karani wake, Bwana Erinayo, aliyekuja kutuhesabu kila mara. Kwa hiyo Meja akaokota yeyote mwenye mikono miwili. Hakuuliza kabila, hakuuliza ulikotoka.

Habari hiyo ndiyo iliyomleta Akwero chumbani kwangu. Akwero alikuwa mwenye nyumba niliyopanga mtaa wa Kabalagala, Mwacholi, muuza pombe. Nilipofika kutoka Bukavu na mimba na kifurushi cha vitenge, ni yeye aliyenizalisha mwanangu Hippolyte, akaniogesha kama ndugu yake wa damu. Mumewe, Obwona, alikuwa sajini jeshini, mpaka askari Waacholi na Walango, makabila yasiyoaminiwa na wakubwa, walipoanza kuitwa majina kambini na wasirudi. Obwona hakungoja kuitwa. Aliruka ukuta, akawa anaishi nyuma ya mapipa ya pombe ya mkewe.

"Mama Hippolyte," Akwero aliniambia, "mutu hawezi kaa nyuma ya pipa mupaka nazeeka. Peleka yeye kule kwa sabuni. Sema ni ndugu yako."

"Ndugu yangu, na urefu ule?"

"Mama yenu alilisha yeye vizuri."

Tulicheka. Sitajifanya shujaa. Niliogopa siku ile na niliogopa kila siku iliyofuata, na kama si deni la uzazi ningemwambia Akwero atafute mjinga mwingine.

Kwa hiyo Obwona akawa Bisimwa, kaka yangu wa Bukavu. Nilimfundisha kusema batu badala ya watu, na bintu badala ya vitu, kama sisi Wakongomani. Nilimfundisha kulegeza mabega, kuburuta miguu, kujikuna mbele ya wakubwa. Alijifunza haraka, maskini, kwa sababu alijua shule ile ikimshinda hakuna nyingine. Kiwandani alikaa meza moja na mimi, tukikata miche ya sabuni kwa waya. Nje, magari ya watu wa usalama yalipita polepole, na mtu alipotiwa kwenye buti la gari, barabara nzima iligeuka kutazama upande mwingine. Nilipoyasikia, miche yangu ilitoka imepinda. Yake ilitoka imenyooka siku zote.

Basi asubuhi moja Kanali mmoja wa usalama akaja kukagua. Hakuja na Erinayo peke yake, alikuja na vijana wawili wa miwani myeusi, na Meja akawa anatembea nyuma yao akijifuta jasho. Watu wa magendo walikuwa wamegombana, na mmoja wao alimnong'oneza Kanali kwamba misaada ya serikali kwa kiwanda hiki inauzwa sokoni.

"Serikali nanunua vitu kwa nyinyi," Kanali alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Leo mimi nataka kuona vitu yote. Kila mutu weka mezani mbele yake."

Kila mtu akavamia mfuko wake. Kisu, waya, brashi, aproni, glavu, kikombe cha bati: tulivimwaga mezani kama tunavyomwaga viazi, na wasiokuwa na glavu wakaanza kuazimana chini ya meza. Macho yangu yalikuwa kwa Meja, nikifikiri leo amepatikana. Kumbe ningemtazama Obwona.

Alikuwa ameinama, mabega yamelegea vizuri, kama nilivyomfundisha. Lakini mikono ilikuwa inafanya yake. Ilikunja aproni ikawa mraba usio na kona iliyotoka nje. Ikaweka glavu juu yake, kidole juu ya kidole. Ikalaza kisu na brashi sambamba, ikazungusha waya ukawa duara, na mwisho ikaweka kikombe upande wa kulia, kishikio kikitazama nje. Ndivyo mwanajeshi anavyopanga vitu vyake kitandani siku ya ukaguzi. Akwero aliwahi kunieleza jinsi mumewe alivyoadhibiwa zamani jeshini kwa kikombe kilichogeuka. Miaka ya adhabu ilikuwa kwenye vidole vile, na woga ulipompanda, vidole vikatii amri. Nilimfundisha kusema, nilimfundisha kutembea. Mikono sikuifikiria.

Nilitaka kunyoosha mkono nivivuruge. Kanali alikuwa ameshafika.

Alisimama mbele ya meza yetu muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akageuza kikombe, kishikio kikatazama ndani. Akangoja. Obwona hakukigusa. Lakini vidole vya mkono wake wa kulia vilisogea kidogo, kidogo sana, na Kanali akatabasamu.

"Jina?"

"Bisimwa, bwana. Ya Bukavu."

"Nani najua huyu?"

Nikajitokeza. "Ni ndugu yangu, afande. Mama moja, baba moja."

Kanali akatazama rundo langu, kisu kimeingia ndani ya glavu na aproni imeanguka sakafuni. "Mama moja," alisema. "Lakini wewe mama yako hakufundisha kitu." Wale vijana wa miwani wakacheka. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wao.

"Meja," Kanali akasema, "hii fundi yako iko na nidhamu. Mimi nachukua yeye. Atafundisha watu kule kwetu."

Meja alielewa. Niliona uso wake ukipauka. Mtu aliyemficha mwanajeshi Mwacholi, kwa kujua au kwa kutojua, angeweza kupakiwa gari lile lile. "Chukua, afande," alisema haraka. "Chukua tu."

Ndipo Erinayo akakohoa. Alikuwa mtu wa tai, mwoga kuliko sisi sote, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ushujaa au ujinga wa ofisini. "Lakini afande, mpango unataka watu mia. Huyu akiondoka, kiwanda nakosa masharti. Labda abaki mupaka tupate mwingine."

Kanali akamgeukia Meja. "Wewe nataka leseni?"

"Nataka, afande."

"Basi kesho jaza nafasi yake."

Obwona alivua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani, akatoka nao bila kunitazama. Kwa hilo aliniokoa. Tulijibanza dirishani kuona atafunguliwa mlango au buti. Akafunguliwa mlango. Hortense, Mkongomani mwenzangu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi sikujua kama palikuwa na la kushukuru.

Gari lilipotoweka, Meja alinivuta kando. Mikono yake ilikuwa baridi. "Mimi sijui wewe nalala na nani, sijui ndugu yako ni nani. Kesho asubuhi leta mutu. Kama Erinayo nahesabu na moja nakosa, mimi nasema yote ilitoka kwako."

Nilifika Kabalagala jua likiwa bado juu. Akwero alikuwa anachuja pombe. Aliniona nikija peke yangu, akaendelea kuchuja mpaka chujio likawa tupu, kisha akakaa chini kwenye udongo. Hakulia, maana majirani wangesikia, na kilio cha Mwacholi siku zile kilikuwa ushahidi. Nilimweleza yote, hata kicheko changu. Nilimweleza pia aliyosema Meja.

Akapangusa mikono kwenye gauni lake. Kisha akauliza, "Umepata mutu?"

"Nitampata wapi, dada? Nani atakaa pale?"

"Andika mimi," Akwero alisema. "Akirudi, atarudi pale. Asiporudi, mimi nitakula wapi?"

Asubuhi nilimpeleka. Njiani nilimfundisha kusema batu na bintu. Meja hata hakumtazama usoni, alimwonyesha tu kwa kidevu nafasi iliyokuwa wazi. Erinayo akapita kati ya meza akituhesabu kwa midomo. Alipofika kwetu alisita, akamtazama Akwero, akanitazama mimi, akaendelea.

"Mia," alimwambia Meja. "Masharti yametimia."

Akwero akaninong'oneza, "Yeye alikuwa nashika waya namna gani?" Nikamwonyesha.