Picha ya Jino la Evelina

Evelina, fundi cherehani wa mtaa wa Mabatini, alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka mingi. Alipoambiwa hatimaye kwamba ni mjamzito, furaha yake haikudumu hata usiku mmoja. Alikumbuka kuwa wiki chache nyuma alipigwa eksirei ya jino kwenye kliniki mpya ya binafsi, mimba ikiwa tayari imeingia. Jirani akazidi kumtia hofu, akimwambia kwamba miale ya eksirei humdhuru mtoto tumboni.

Kulipokucha alirudi kliniki. Daktari Annet, aliyemtibu lile jino, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, unakumbuka nilikuvalisha nini kabla ya picha?"

"Lile vazi zito. Nilidhani ni la kunizuia nisitikisike."

"Ndani yake mna madini ya risasi, yanayozuia miale. Tena mashine niliielekeza kwenye taya, nikapiga picha moja tu. Kilichofika tumboni ni kidogo mno, hakiwezi kumdhuru mtoto."

"Kweli, daktari?"

"Kweli kabisa. Ila nilipaswa kukuuliza kwanza kama una mimba. Hilo ni kosa langu, nisamehe."

Evelina akaangua kilio, kisha kicheko kikamtoka katikati ya machozi. Daktari akamshika mkono mpaka akatulia.

Aliporudi hakwenda moja kwa moja kwenye cherehani yake. Alipitia duka la vitambaa, akachagua kitambaa laini cha njano cha nguo za mtoto, ambacho tangu jana alikuwa akiogopa hata kukitazama.