Mkanda wa Mama Ving'ora

Kilo themanini. Hicho ndicho kikomo alichowawekea madereva kamanda wa kituo cha zimamoto, na Mama Ving'ora alikuwa amekipita kwa kilo saba. Ijumaa ya mizani akikutwa bado amezidi, angenyang'anywa ufunguo wa gari kubwa na kupelekwa stoo kulinda ndoo. Miaka kumi na moja ameshika usukani ule, aende kulinda ndoo? Thubutu!

Kisa kilianza na ratiba. Madereva wawili walistaafu, wengine hawakuajiriwa, kamanda akaziunganisha zamu mbili kuwa moja. Mama Ving'ora akawa anapata usingizi wa saa nne tu kwa siku, siku nyingine tatu. Hapo ndipo tumbo lake lilipomgeuka. Alikuwa mtu wa sahani moja, akishiba ameshiba. Sasa alimaliza sahani, akakwangua sufuria, na kabla vyombo havijakauka alikuwa anatafuta kitu kitamu kabatini. Mwenye njaa hana miiko, lakini hii ilikuwa njaa gani isiyojua kwamba mtu ametoka kula? Alijionea aibu, akaanza kula amejificha jikoni.

Alipofika kilo themanini na tatu, kamanda alimwambia mbele ya wenzake, "Dawa ya ulafi ni mbio." Akaamuru waliozidi wawe wanazunguka uwanja saa kumi alfajiri, yeye mwenyewe amesimama pembeni na filimbi. Zile saa chache za kulala zikakatwa tena. Zimamoto mzima, anazima moto kwa mafuta ya taa! Baada ya miezi miwili ya kukimbia, Mama Ving'ora alikuwa na kilo themanini na saba.

Aliyeligundua jambo ni mumewe, fundi viatu. Yeye ndiye aliyekuwa akimtobolea mkanda wa sare kila ulipombana. Siku alipoletewa kwa tundu la tano, aliugeuzageuza mkononi, asishike chombo.

"Mke wangu, hili la kwanza nilitoboa mwezi zamu zilipounganishwa, la pili mwezi uliofuata. Haya mawili ni ya mbio. Lakini ulipokuwa likizo wiki mbili ulirudi tundu moja nyuma, na jikoni hukujinyima kitu."

"Nilifanya nini basi?"

"Ulilala."

Mama Ving'ora alikwenda kwa muuguzi wa kituo na mkanda wake mkononi. Muuguzi hakucheka. Alimweleza kwamba asiyelala, mwili wake huzidisha homoni ya njaa na kupunguza ile inayosema imetosha, na hata chakula chenyewe hautumii vizuri. "Wewe si mlafi, dada. Umechoka."

Alitoka pale machozi yakimlenga, na nyuma ya machozi zikaja hasira. Miezi yote ile anakula kwa kujificha kama mwizi, kumbe kaibiwa yeye!

Tangu siku hiyo hakukanyaga uwanjani. Kamanda alimpigia simu alfajiri, ikapokelewa na fundi viatu.

"Yuko wapi?"

"Amelala, mzee."

"Mwamshe!"

"Mimi nimuamshe? Njoo umuamshe mwenyewe," akasema, akakata.

Wiki tatu zikapita hivyo. Zamu alizifanya zote, ila alfajiri alikuwa kitandani.

Ijumaa ikafika. Kikosi kizima kilijipanga karibu na gari, muuguzi na daftari lake. Mama Ving'ora alivua viatu, akapanda mizani.

"Themanini na nne," muuguzi akasoma.

"Umezidi kwa nne," kamanda akasema, akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Mama Ving'ora hakuupeleka mkono mfukoni. "Muuguzi, soma na za nyuma."

"Themanini na tatu kabla ya mbio. Themanini na saba baada ya mbio. Leo themanini na nne."

"Umesikia, kamanda? Nilikimbia nikapanda nne, nikalala nikashuka tatu. Ufunguo sitoi. Kama kuna wa kwenda stoo, ipeleke ratiba yako."

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu. Ulinitukana mbele ya watu, na majibu nakupa mbele ya watu."

Wenzake waliguna. Kamanda alisogea hatua moja, mkono bado hewani, na hapo jicho la mke wa fundi viatu likaangukia kiunoni mwa kamanda. Mkanda ulikuwa umeishiwa matundu ya kiwandani. Pembeni kabisa, karibu na ncha, kulikuwa na mawili mengine, yamepinda, yametobolewa kwa msumari. Nyani haoni kundule! Mtu aliyeamka saa tisa kila siku ili awahi kupuliza filimbi, angebaki vipi alivyokuwa?

"Kamanda," Mama Ving'ora alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "usiku unakula nini ukirudi?"

Kamanda alijitazama mkanda, akaufunika kwa kiganja, kisha akakiondoa.

"Mkate mzima," alisema polepole. "Halafu natafuta mwingine."

Hakuna aliyecheka. Mama Ving'ora alishuka kwenye mizani, ufunguo ukiwa mfukoni, akampisha. Kamanda aliitazama ile mizani, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.